Waya Zikipishana, Ndipo Lilipo Kaburi?

Mwezi huu nimepokea barua tatu kutoka mikoa mitatu, na zote zinauliza kuhusu zile waya mbili zilizopindwa na kile kijiti cha panda ambacho watu hutembea nacho kutafuta kilichofichwa ardhini. Nimefanya kazi ya maji miaka 31. Nilianza kwa kubeba vigingi vya wapimaji, nikamaliza nikisimamia mafundi bomba. Waya hizo nimezishika mwenyewe, na kuna wakati niliziamini. Kwa hiyo nitajibu kwa kirefu pale panapohitaji.

SWALI: Shikamoo Mama. Sisi ni ukoo wa Muheza, Tanga. Barabara inapanuliwa na kipande cha shamba letu la michungwa kimewekewa alama. Humo wamezikwa babu, bibi na watoto kadhaa, wengine Waislamu na wengine Wakristo, lakini vibao vimeoza zamani. Kaka yangu amemleta mtu mwenye waya mbili. Anatembea nazo, zikipishana anachomeka kijiti. Ametupa makaburi 11, na anasema hili la mwanamke, hili la mwanamume, kwa jinsi waya zinavyogeuka. Anadai shilingi 30,000 kwa kila kaburi. Wazee wanakumbuka saba au manane. Mthamini anarudi mwezi ujao. Tumwamini? — Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni. Najua kwenye hili fidia si jambo kubwa. Kubwa ni kwamba katapila lisije likapita juu ya bibi yenu.

Usimlipe bado, na usikubali mthamini aandike makaburi 11 kwa sababu tu waya zimesema hivyo.

Nikueleze kwanza waya zinavyofanya kazi, ili ukikaa na kaka yako usionekane unambishia mgeni wake. Chukua waya mbili za kulehemu, uzipinde kama herufi L, kisha ushike upande mfupi kwenye ngumi bila kukaza. Upande mrefu sasa umesimama kama mlango uliotundikwa kwenye fremu. Fremu ikiinama hata kidogo, mlango unajifungua au unajifunga wenyewe bila kusukumwa. Na waya ni hivyo hivyo. Ngumi zikiinamia ndani kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, ncha zinapishana. Ukiangalia chini, mabega yanashuka na mikono inageukia ndani. Ukipunguza mwendo kwa sababu umeona kibonde au jiwe lililosimama kama la kichwani, inakuwa vile vile. Anayezishika hadanganyi. Anahisi kabisa kwamba waya zimevutwa, maana hajui kwamba aliyezivuta ni yeye.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1833 mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alimwandikia Ampère (yule ambaye jina lake tunalitumia kupimia umeme) kuhusu uzito alioutundika kwenye uzi na kuushika juu ya zebaki. Uzito ulicheza. Akiweka kioo katikati, ulitulia. Kisha akafungwa macho, mtu mwingine akawa anaweka na kuondoa kioo bila kumwambia. Kuanzia hapo kioo hakikuwa na nguvu yoyote. Mkono ulikuwa ukifuata kile ambacho kichwa kilikitarajia.

Mwaka 1990 huko Kassel, Ujerumani, watafutaji 30 walijaribiwa kwa siku tatu. Bomba la plastiki lilifukiwa sentimita 50 chini ya uwanja, na kila mmoja alikubali masharti kabla hajaanza. Kazi ilikuwa kusema kama maji yanapita bombani au yamefungwa. Matokeo yao yalikuwa sawa na ya mtu anayerusha sarafu. Walioshindwa pale hawakuwa matapeli wa mtaani. Walikuwa watu waliojiamini kwa dhati, na ndiyo maana jaribio lile nalithamini.

Kwenye makaburi hatari ni kubwa kuliko kwenye maji, na naomba ulishike hili vizuri. Fundi akikosea bomba, atachimba, atakuta udongo mtupu, atajua. Lakini nani atafukua kaburi la mtu ili amsahihishe mwenye waya? Anachomeka kijiti, watu wanasoma dua, wanaondoka. Anaweza kukosea kwa miaka 20 na bado akajiita bingwa, kwa sababu hakuna hata siku moja ardhi ilipompa jibu. William Whittaker, mwanaakiolojia wa ofisi ya mambo ya kale ya jimbo la Iowa, Marekani, ambako makaburi ya zamani yasiyo na alama ni mengi na wenye waya ni wengi, alilichunguza suala hili na kuhitimisha kwamba waya hazitambui makaburi. Na hilo la mwanamke na mwanamume wanalisema huko huko pia. Kaka yako asidhani ni siri ya mtaalamu wake peke yake.

Kama kaka bado ana imani, fanyeni hivi kwa heshima. Pimeni mahali vilipo vijiti vyote 11 kwa futi kamba kutoka kwenye michungwa miwili isiyohama, muandike kwenye daftari. Kisha ving'oeni, mfagie nyayo. Siku ya pili mwombeni arudie, safari hii aanzie upande mwingine wa shamba akiwa amefungwa kitambaa machoni na mtu amemshika bega asijikwae. Akipiga tena pale pale 11, niandikieni, nitapanda basi nije nione kwa macho yangu.

Sasa kazi yenyewe. Muanze na wazee, lakini msiwakusanye. Wakiwa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekumbuka kwa niaba ya wote. Mpelekeni kila mzee shambani peke yake, aonyeshe anapopakumbuka, mpaandike, mtoe alama, ndipo aje mwingine. Mahali ambapo watatu wameonyesha bila kusikilizana, hapo mna ushahidi kuliko waya zote za Tanga. Waulizeni pia kina mama waliozaa na kupoteza watoto wachanga. Makaburi ya watoto ni mafupi na mara nyingi ni ya kina kidogo, na ndiyo yanayosahaulika kwanza. Wanaume wa ukoo huwa hawayahesabu, ila mama aliyezika huko hajasahau.

Halafu fyekeni nyasi zote mpaka chini, mwende asubuhi jua likichomoza au jioni likizama. Jua la pembeni linaonyesha kila kibonde. Kaburi la Kiislamu lina mwanandani, lile shimo dogo la ndani analolazwa maiti, na mbao zinazoufunika zikioza udongo hudidimia miaka mingi baada ya maziko. Jeneza nalo likivunjika huacha bonde. Maji hutuama humo, majani yanakuwa na kijani kingine. Angalieni mawe yaliyokaa mawili mawili, vipande vya sahani, chupa zilizochomekwa, na mimea ambayo haikujiotea yenyewe.

Angalieni na uelekeo. Kutoka Tanga, Makka iko karibu kaskazini kabisa, maana sote tuko kwenye nyuzi 39 za mashariki. Maiti wa Kiislamu analazwa ubavu wa kulia akielekea kibla, kwa hiyo kaburi linalala mashariki na magharibi, kichwa mashariki. Desturi ya zamani ya Kanisa ni kichwa magharibi, miguu mashariki. Kwa hiyo babu zenu wote, wa msikitini na wa kanisani, yaelekea wamelala kwenye mstari ule ule wa jua. Alama inayolala kaskazini na kusini iulizeni mara mbili. Nenda ukamuulize yule bwana makaburi yake yanalala kuelekea wapi.

Palipobaki na shaka, na baada ya kuzungumza na sheikh na padri wenu, kwangueni udongo wa juu kwa jembe, taratibu, sentimita 20 mpaka 30 tu. Hamfukui mtu. Mnatafuta rangi. Mwaka wa kuzikwa kwake, udongo wa chini ulipandishwa juu na wa juu ukashushwa chini, na kamwe haukurudi kama ulivyokuwa. Kwenye udongo mwekundu wa kwenu utaona umbo refu lenye madoa, kingo zake zimenyooka. Hiyo ndiyo saini ya mchimba kaburi, na inadumu mamia ya miaka. Fanyeni mbele ya mtendaji wa kijiji, mpige picha.

Kuna pia rada ya ardhini, kitoroli kinachosukumwa kama mashine ya kukata majani. Nacho hakionyeshi mifupa. Kinaonyesha udongo uliowahi kuchimbwa na nafasi zilizo wazi, na kwenye mfinyanzi wenye maji hakifiki mbali. Ni ghali kwa familia moja, lakini mradi wa barabara ni mkubwa na si vibaya kuomba kwa maandishi. Ulizeni vilevile Idara ya Akiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kusoma rangi za udongo ni kazi yao ya kila siku.

Mwisho kwenye hili, sheria. Kuhamisha makaburi kwa ajili ya mradi wa umma kunaongozwa na Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Fidia yake ni gharama zinazostahili za kufukua, kusafirisha, kuzika upya, na pia gharama za ibada na matambiko ya kuwatuliza marehemu. Dua, misa na sadaka zimo. Ziandikeni. Lakini mkiandika makaburi 11 na mchimbaji akakuta manne hayana kitu, mtakuwa mmejitia doa mbele ya mthamini, na yale ya kweli yatatiliwa shaka. Na kama bibi yenu yuko mahali ambapo waya hazikupishana, hakuna atakayemtafuta tena.

SWALI: Habari za kazi Mama. Nasimamia vibarua wanaochimba mitaro ya kebo za intaneti hapa Mwanza. Tuna fundi mzee mwenye waya za kulehemu na mara nyingi anapata bomba. Nimesoma kwamba hata makampuni ya maji ya Uingereza yanazitumia. Kwa nini nisimtumie? — Msimamizi, Mwanza

JIBU: Nzuri mwanangu. Ulichosoma ni kweli. Mwaka 2017 makampuni ya maji ya Uingereza yaliulizwa, na 10 kati ya 12 yakakiri kwamba baadhi ya mafundi wao bado hutembea na waya. Hilo linaonyesha kwamba mazoea yana nguvu kila mahali. Halionyeshi kwamba waya zinafanya kazi.

Mzee wako anapata bomba kwa sababu ni fundi. Ameona valvu iko wapi, chemba iko wapi, nyumba ipi ina mita, na anajua mabomba ya enzi zile yalilazwa pembeni ya barabara upande gani. Macho yake yameshapiga hesabu kabla waya hazijatikisika. Nilikuwa na mkuu wangu wa kazi wa namna hiyo, mtu mwema, aliyenifundisha karibu yote ninayoyajua. Jumamosi moja tulipanga mitungi 10 uani, mitano yenye maji na mitano mitupu, tukaifunika magunia. Alipoambiwa ipi ina maji, waya zilipishana kila mara bila kukosea. Tulipoipanga upya akiwa amegeuka, alipata mitano na kukosa mitano. Alikaa kimya muda mrefu. Hakukasirika, ila nilimwona amezikunja zile waya na kuziweka chini ya kiti cha gari, na hatukulizungumza tena.

Laiti zingebaki chini ya kiti. Miaka ya tisini, kwenye mji mmoja wa mkoani, ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilikuwa na haraka na michoro haikuwepo. Fundi mwingine alipita na waya akasema mstari uko salama. Nilisimama pale na sikusema neno. Kibarua wa miaka 22 akainua sululu, ikatua kwenye kebo ya umeme. Alipona, lakini vidole vya mkono wa kulia havikukunjuka tena. Alikuwa fundi cherehani jioni. Nikizisikia waya hizi zikisifiwa, namkumbuka yeye.

Na kuna waliokufa kwa imani hii hii. Mwingereza aitwaye James McCormick aliiuzia serikali ya Iraki vifaa vya kugundua mabomu, mpini wa plastiki wenye antena inayoyumba. Ndani hamkuwa na betri wala kitu chochote kinachopima. Asili yake ilikuwa kidude cha kutafutia mipira ya gofu, cha dola 20. Askari wa Baghdad walisimama navyo kwenye vizuizi vya barabarani, na magari yenye mabomu yakapita. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga miaka 10. Antena ile ni ile ile waya yako ya kulehemu, imevalishwa suti.

Basi fanya hivi. Usichimbe bila kwenda na ramani yako mamlaka ya maji, shirika la umeme na makampuni ya simu, na uombe mtu wao aje mguu kwa mguu. Michoro ya zamani hukosea, kwa hiyo itumie kama mwanzo tu. Kodi kifaa cha kupimia nyaya, kile chenye mtambo mdogo wa kutuma mawimbi na kijiti cha kupokea. Kinakamata kebo yenye umeme na bomba la chuma. Bomba la plastiki hakilisikii isipokuwa kama limelazwa pamoja na waya wa kulifuatilia, na mabomba ya zamani ya saruji ya asbesto hakiyasikii pia. Kwa hiyo kila baada ya umbali fulani, na kila penye njia panda, chimba mashimo ya majaribio kwa mkono kukata mstari. Sululu ibaki juu. Ukipita sentimita 30 shika koleo, na ukiona utepe wa plastiki wa rangi au mstari wa mchanga safi au matofali, simama hapo hapo, maana vitu hivyo mtu aliviweka juu ya kebo makusudi ili wewe uvione.

Na mzee wako usimwache. Mpe kazi ya kutembea mbele bila waya, aseme tu anachokiona na kwa nini. Utapata yale yale, na vijana watajifunza. Kuna fimbo moja tu ya mkononi ninayoiheshimu katika kazi yetu, fimbo ya kusikilizia. Ncha unaiweka juu ya valvu, upande wa pili kwenye mfupa wa sikio, saa nane usiku mji ukiwa umelala. Bomba la chuma linalovuja utalisikia likifoka kama sufuria yenye kifuniko. Hiyo inasikika hata ukifunga macho.

SWALI: Mama, mzee wa panda ya mpera alituonyesha mahali, tukachimba, maji yakatoka mita 22. Bado utakataa? — Kijiji, Singida

JIBU: Hongereni kwa maji. Lakini je, mlichimba shimo la pili hatua 50 kutoka hapo, mahali ambapo panda ilikaa kimya? Maji ya ardhini kwa sehemu kubwa hayapiti kwenye mishipa kama damu. Yamejaa kwenye mchanga, kwenye mwamba uliooza na kwenye nyufa, na bondeni utayakuta karibu popote. Kwenye miamba migumu ya mikoa yenu ndipo pa kukosa, na pale panahitaji watu wa vigingi vinne, wanaopitisha umeme ardhini na kupima unavyopungua, ili kujua mwamba uliooza una kina gani. Hata Georgius Agricola, Mjerumani aliyeandika kitabu kikubwa cha migodi kilichotoka mwaka 1556, aliwaona wachimbaji na panda zao, akashauri kwamba mchimbaji makini asome dalili za ardhi yenyewe.

Ninachowaombea zaidi ni kitu ambacho panda haina uwezo wa kusema hata kwa bahati, nacho ni floraidi. Mikoa yenu inayo, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chukueni chupa safi ya plastiki ya lita moja, si ya kioo, muisuuze mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho, muijaze mpaka juu, muandike tarehe na jina la kisima, muipeleke maabara ya maji ya mkoa. Msichelewe kama kijijini kuna watoto wa chini ya miaka minane, maana meno yao ya kudumu bado yanajijenga ndani ya taya.